Keki ya Mama Mkwe Katika Tawi la Wekundu

Leo nimeaibika, na ushahidi nimeula mwenyewe. Nimeula kwa kijiti cha kuchokolea meno, mbele ya watu wapatao arobaini. Nawaandikia nyote, mliokuwepo na ambao hamkuwepo, nikiwa nyuma ya nguzo (nguzo nitaieleza), kabla katibu hajawaletea habari hii akiwa ameitia chumvi.

Kwa wasionijua, mimi ni Baba Neema, fundi cherehani karibu na stendi ya Babati. Mpaka leo saa tisa alasiri nilikuwa kaimu mwenyekiti wa tawi la mashabiki wa timu yetu nyekundu ya Uingereza. Makao makuu ya tawi ni banda la kuonyeshea mpira pale Nangara. (Makao madogo pia ni hilo hilo banda.) Leo nilikuwa nithibitishwe. Neno kaimu liondoke, nibaki mwenyekiti kamili. Niliutaka huo uenyekiti kuliko ninavyopenda kukiri. Suti nilijishonea mwenyewe. Tai nyekundu. Hata soksi.

Sasa, katika jiji la timu yetu kuna timu nyingine, ya bluu. Sisi tawini hata jina lake hatulitaji. Na tuna sheria: mwanachama akionekana amevaa jezi ya bluu, anavuliwa cheo alicho nacho, kisha msimu mzima anakaa nyuma ya nguzo ya katikati, mahali ambapo televisheni unaisikia tu, na anaosha vikombe vya chai. Sheria kali kweli kweli. Aliyeitunga ni mimi. Niliiandika kwa mkono wangu, nikaenda kuifunikisha nailoni isilowane, nikaibandika ukutani.

Msimu uliopita ilimnasa Baba Upendo wa Bonga. Alionekana akipalilia mahindi na jezi ya bluu. Akajitetea kwamba ni mtumba, nguo ya shamba, hata hakuangalia nembo. Nikamjibu kwa sauti ya hakimu, "Baba Upendo, sheria haichagui shamba wala mjini." Akakaa nyuma ya nguzo mpaka msimu ukaisha. Yakumbukeni hayo maneno yangu.

Mwezi uliopita nikasafiri. Mnajua, maana niliwaaga zaidi ya mara tatu. Kaka mkubwa wa marehemu baba mkwe wangu, Mzee Fabiani, anaishi Uingereza miaka mingi, tena katika jiji lile lile la timu yetu. Ndiye aliyesimamia mahari ya mke wangu, kwa hiyo kwangu yeye ndiye baba mkwe. Akaniita nikamsalimie. Tawi likanikabidhi bendera nyekundu (niliyoishona mwenyewe) imeandikwa TAWI LA NANGARA, BABATI, nikapige nayo picha katika uwanja wetu.

Nimefika kwa mzee. Koti sijavua. Akaniletea kifurushi hapo hapo mlangoni.

"Mkwe, nimesikia unapenda mpira. Vaa."

Jezi ya bluu. Mgongoni wameandika jina langu.

Wenye wakwe mtanielewa. Mkwe humwangalii machoni. Mkwe humuulizi, "Hivi mzee, wewe ni timu gani?" Akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili, unainama kidogo, unashukuru. Akisema vaa, unavaa. Nikavaa. Ilinikaa vizuri mno, na hilo ndilo lililoniuma kama fundi.

Kesho yake akanipeleka kwenye mechi, uwanja wa bluu. Njiani akanieleza kwamba miaka yote hiyo amekuwa akikaa uwanjani na watu asiowajua, na leo kwa mara ya kwanza atakaa na mtu wa nyumbani. Kila aliyepita kwenye ngazi alionyeshwa mimi. Huyu ni mkwe wangu, ametoka Babati. Nilimpenda yule mzee siku ile, nasema kweli. Nilikuwa tayari kuvumilia.

Kisha wale wa bluu wakafunga. Mzee akasimama, na mimi nikasimama. Nikapiga makofi kwa adabu, kama mtu aliyealikwa kwenye harusi ya mchumba wake wa zamani. Machozi yakanitoka. Mzee akadhani ni furaha. Akanikumbatia, akampa jirani simu, tukapigwa picha.

Uwanja wetu mwekundu nilikwenda siku ya mwisho, kwa kutoroka. Nilimwambia mzee nakwenda kununua zawadi za watoto. Nikakuta geti limefungwa, wanakarabati. Nikatandaza bendera ukutani, nikapiga picha. Tofali tupu. Picha hiyo ndiyo niliyorudi nayo, na tawi limeishangilia wiki nzima. Katibu wetu Athumani, mwenye duka la vitenge, alisema hata tofali zenyewe zinaonekana zimezoea makombe. Mtu mmoja akauliza picha za ndani ziko wapi. Nikasema ndani hawaruhusu simu. (Mungu anisamehe.)

Mke wangu alinionya. "Waambie ukweli. Watakucheka siku mbili, yaishe."

"Mama Neema, ile picha iko Uingereza kwenye simu ya mzee. Itafikaje Nangara?"

Mwanaume mzima, nilidhani picha nayo inahitaji nauli.

Haya, leo. Saa tisa. Banda limejaa nyekundu tupu, mechi ni saa kumi. Katibu anaongoza kikao. Nikapewa nafasi niseme machache, nikasema mengi. Nilizungumzia uaminifu. Nilisema kuna watu wakivuka maji tu wanabadilika, lakini mimi nimekwenda na rangi yangu na nimerudi na rangi yangu. Watu wakapiga makofi. Katibu akasema, "Wanaokubali Baba Neema awe mwenyekiti wetu, wanyooshe mikono." Mikono ikaanza kupanda.

Bajaji ikasimama mlangoni.

Akashuka mama mkwe wangu kutoka Mutuka. Kitenge kipya, kilemba, boksi kubwa mikononi. Mke wangu nyuma yake. Mama mkwe hajawahi kukanyaga banda la mpira tangu azaliwe. Mikono yote ikashuka, banda zima likasimama. "Shikamoo mama."

"Marahaba, wanangu. Nimesikia leo mkwe wangu anapewa cheo. Mpira siujui, ila kumpongeza mtu najua. Nimeleta keki."

Nikaguswa, nawaambia. Mama wa watu ametoka Mutuka, ameshikilia keki magotini njia nzima na mashimo yale. Nikaipokea kwa mikono miwili, nikainama, nikaiweka mezani. Yeye mwenyewe akafungua boksi.

Mnajua siku hizi pale mjini waoka keki wanachapa picha juu ya keki. Unawapa simu tu, wanamaliza.

Juu ya keki nilikuwa mimi. Nalia. Nimekumbatiwa na Mzee Fabiani, na jezi ya bluu imeanzia shingoni ikashuka mpaka ukingo wa sinia. Nembo iko kifuani, kubwa, safi, haina hata mkunjo. Chini wameandika HONGERA MKWE. Ili picha isikae peke yake, mwokaji alizungushia sukari ya bluu pande zote nne.

Nikamtazama mke wangu. Macho yake yaliniambia kwamba na yeye ndiyo kwanza anaiona.

Katibu Athumani akatoa miwani mfukoni. Akaivaa. Akainama.

"Kaimu mwenyekiti," akasema polepole, "huyu ni nani?"

Jibu nilikuwa nalo. Nilikuwa nimeshaliweka mdomoni: jamani, picha za siku hizi zinatengenezwa, mtu anaweza kukuvalisha hata gunia. Wangeniamini. Walitaka kuniamini.

"Si ni yeye?" mama mkwe akadakia. "Shemeji yangu Fabiani ndiye aliyemvalisha kwa mikono yake. Anasema tangu aende nchi za watu hajawahi kufurahi uwanjani kama siku hiyo. Picha hii ameitundika sebuleni, na mimi akanitumia kwenye simu." Kisha akanigeukia, na uso wake ukaanza kupoteza ile furaha. "Au hukuipenda, mkwe?"

Mkono mmoja una uenyekiti niliousubiri miaka minne. Mkono wa pili una mzee aliyekaa na wageni miaka yote, na mama aliyebeba keki kutoka Mutuka. Nikikana jezi, nimemkana aliyenivalisha, tena mbele ya watu. Mke wangu alikuwa ananitazama bila kupepesa.

"Niliipenda sana, mama," nikasema. "Nimeitunza." (Imo ndani ya gunia la vipande vya vitambaa, lakini imetunzwa.)

Kikapasuka kicheko ambacho nadhani viboko wa Ziwa Babati walikisikia. Baba Upendo peke yake hakucheka. Alinyanyuka taratibu, akaenda ukutani, akaibandua ile sheria na nailoni yake, akaisoma yote kwa sauti mpaka jina la mtunzi. Kisha akaongeza kwa upole ulionimaliza kabisa:

"Sheria haichagui shamba wala mjini."

Wala sikujitetea. Katibu akapendekezwa uenyekiti pale pale, mikono yote ikapanda. Wa kwangu pia, kwa mazoea ya kunyoosha. Watu wakapiga makofi, na mama mkwe, ambaye hakuelewa chochote, akapiga vigelegele akidhani makofi yale ni yangu.

"Sasa mkwe akate keki, awalishe wenzake," akasema. "Tuanze na viongozi."

Hapo ndipo mambo yalipogeuka kidogo. Nikachoma kipande kwa kijiti, nikamsogelea mwenyekiti mpya. Nilimchagulia nembo. Athumani akarudi nyuma hatua moja.

"Mama, tunashukuru sana, ila mimi vitu vitamu..."

"Kidogo tu, baba. Nimekuja nayo kutoka Mutuka."

Nitajieni mtu mmoja Babati hii anayeweza kumkatalia mama mtu mzima aliyesimama na sinia. Athumani alitazama kulia, akatazama kushoto, akafungua mdomo. Nikamlisha nembo yote. Waliofuata wakajipanga mstari kama watoto wa chanjo. Baba Upendo alipata kola. Mikono ya jezi ikaenda kwa vijana wa bodaboda. Mama mkwe alisimama pembeni akihakikisha hakuna anayerukwa, na anayetafuna kwa shida alipewa kipande cha pili, maana alidhani ana njaa. Mwisho akanilisha yeye mwenyewe, kifua kizima, nami nikainama nikala.

Kisha akampigia Mzee Fabiani na kuweka sauti ya juu. "Shemeji, wamefurahi mno. Wamecheka mpaka wengine wamekaa chini."

"Mkwe," sauti ya mzee ikasikika, "mwakani utakuja tena? Kiti chako nimekiwekea."

"Nitakuja, mzee," nikasema. Na nitakwenda. Hilo sikulisema kwa adabu tu.

Mechi ikaanza. Nikaenda nyuma ya nguzo, kwa miguu yangu, na beseni la vikombe. Mke wangu alinisindikiza na sabuni.

"Nilikwambia siku mbili," akasema.

"Sasa ni msimu mzima."

"Lakini leo umefanya vizuri." Akaniachia sabuni, akaenda kukaa na mama yake kwenye viti vya mbele. Viti vyangu vya zamani.

Kutoka nyuma ya nguzo televisheni huioni, ila watazamaji unawaona wote usoni. Baada ya muda kidogo timu yetu ikafunga. Banda zima likaruka juu, midomo wazi, na mimi huku kwenye beseni nikabaki nimeshika kikombe.

Ndimi za bluu. Meno ya bluu. Midomo ya bluu pembe zote, tawi zima la wekundu, kuanzia mwenyekiti mpaka mlinzi wa baiskeli. Rangi ya keki za hapa mjini haina mzaha. Mwenyekiti mpya alikuwa ameshainua simu, akapiga picha ya ushindi chini ya bendera yangu, yeye mwenyewe mbele akicheka kwa meno yote, akaituma kwenye kundi la matawi ya mkoa mzima. Kuitazama, akaitazama baadaye.

Naambiwa wale wa tawi la bluu la Bonga wametuma salamu za kutukaribisha.

Vikombe vimebaki vingi, ngoja niishie hapa. Wanatawi wenzangu, nimekosa, na kunicheka ni haki yenu. Ila nawaomba mcheke mkiwa mmefumba midomo.