Kiti Kilichoelekea Kioo

Jumapili, 3 Machi

Swali ninaloshindana nalo tangu mdogo wangu aolewe na kuniachia nyumba hii ya vyumba viwili: je, yaweza kujulikana, kwa hoja na si kwa bahati, nani ataanguka kabla hajaanguka? Nazungumzia mapigano ya kizimbani, yale yanayochanganya ngumi, mateke na kabali. Nafundisha takwimu chuoni na sijawahi kupenda fujo. Ila kila Jumapili alasiri shangwe hupanda kutoka saluni ya kinyozi, chini kabisa ya sakafu yangu. Mtu hawezi kusikia wenzake wakifurahi miezi nenda, miezi rudi, asitake kujua sababu.

Leo nimeshuka. Kisingizio: kupunguza nywele. Nilikuwa nimezipunguza juzi. Kinyozi alizitazama, akanitazama mimi, akasema nikae tu.

Taratibu zao nimezielewa. Mapambano hufanyika alfajiri, upande mwingine wa dunia. Wao hutazama marudio. Kwa hiyo simu zote huwekwa kwenye beseni la kuoshea nywele, asije mtu akachungulia matokeo. Kila mmoja hutabiri kwa sauti. Anayepatia kuliko wote hukalia kiti cha kunyolea Jumapili inayofuata, peke yake, kama mfalme. Anayekosea kuliko wote huchemsha chai papo hapo, kisha hubanwa katikati ya benchi ili asimangwe vizuri.

Mtabiri wao mashuhuri ni karani mstaafu wa stesheni. Wanamwita Nabii. Hakuna anayekumbuka lini alipatia. Leo alimchagua mpiganaji mmoja kwa sababu ana shingo ya mtu mwaminifu. Mimi nilimchagua mpinzani wake, anayejiita Seremala, kwa hoja ya urefu wa mikono na umri. Seremala alimkaba mwaminifu yule mpaka akapiga sakafu kuomba yaishe.

Kiti ni changu! Nabii alichemsha chai huku akizomewa. Nilimwonea huruma, kwa kiasi.

Jumatatu, 4 Machi

Nimenunua mto wa kukalia. Wa buluu. Cheo kina maandalizi yake.

Alhamisi, 7 Machi

Nimekutana na Nabii kwenye ngazi. Akaniuliza, kwa upole wa kichokozi, kama hesabu zangu zinawajumuisha akina mama. Anadai kwamba mama wa mpiganaji akilia kabla ya pambano, mwanawe hushinda. Nikamjibu kwamba hiyo si hoja. Akasema basi niendelee kupima mikono ya watu, yeye ataendelea kuwatazama mama zao.

Jioni nzima nimetafuta taarifa za akina mama wanaolia. Hazipo. Dai lisilothibitika si lazima liwe la uongo, na jambo hili limeniudhi kuliko ninavyotaka kukiri.

Jumapili, 10 Machi

Nimekalia kiti.

Kasoro moja sikuitabiri. Kiti kinaelekea kioo, na runinga iko nyuma yake, juu ya mlango. Egemeo lake la kuzungukia liliganda zamani. Nimetazama mapambano yote kiooni, kinyumenyume: ngumi ya kushoto ikitokea kulia. Benchi nalo nililiona kiooni. Nabii, mke wa kinyozi, fundi viatu, magoti kwa magoti. Walicheka jambo fulani. Nilipouliza ni nini, lilikuwa limeshapita.

Nimepatia mapambano yote. Nabii, kwa mara nyingine, hakupatia hata moja. Mke wa kinyozi alimwambia kwamba akitabiri jua, yeye huanua nguo. Chai ilipitishwa kutoka mkono hadi mkono, ikanifikia mwisho, vuguvugu. Hakuna aliyekosa adabu. Nilipongezwa na kila mmoja, kwa zamu, kama mtu anayestaafu.

Malengo yote yametimia. Kwa nini basi nilipanda juu kabla vikombe havijaoshwa, sina maelezo ya kuridhisha. Pengine mgongo. Mto ni mwembamba.

Jumanne, 12 Machi

Mdogo wangu amepiga simu. Analalamika kwamba Jumapili hizi mbili sipatikani. Nikamweleza kuhusu beseni, kiti, mto, kioo. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akauliza:

“Dada, wewe unataka kiti au unataka watu?”

Nikamjibu kwamba swali limeundwa vibaya, kwani linadhania kwamba viwili hivyo vinapingana. Akasema sawa. Nilimsikia akiitwa mezani kwake. Kulikuwa na vijiko, watoto wa shemeji, mtu akiimba ovyo. Akaaga.

Nimekula nikiwa nimesimama. Ni haraka zaidi, na chombo cha kuosha ni kimoja.

Jumamosi, 16 Machi

Mpango mpya. Kama tatizo ni kiti kuelekea kioo, basi kiti kigeuzwe. Hoja haina dosari.

Nimemwomba kinyozi ruhusa, nikashuka na mafuta ya kupikia, kwa kuwa ya mashine sina. Nikalainisha egemeo, nikakaa, nikajisukuma. Kiti hakikuzunguka. Kilishuka. Taratibu, kwa pumzi ndefu, mpaka kidevu changu kikawa usawa wa rafu ya vitana. Wateja wawili walikuwepo. Mmoja aliuliza kama nanyolewa ndevu.

Kinyozi alikipandisha kwa kukanyaga mahali fulani. Akasema, bila kunitazama, kwamba kwenye benchi nafasi huwa haikosekani. Nikamshukuru. Nikamkumbusha kwamba nilikishinda kiti kihalali.

Jumapili, 17 Machi

Aibu.

Nilisema mpiganaji anayejiita Mzimamoto hatashinda. Alizidi uzito unaoruhusiwa siku ya kupimwa. Mwili wa namna hiyo huishiwa pumzi, nimeshaonyesha hivyo kwa hoja. Nabii akasema Mzimamoto atashinda, maana mama yake ameonekana akifuta macho. Kengele ikalia. Teke moja. Mpinzani alilala kama nguo iliyoanguka kutoka kwenye kamba.

Mapambano mengine nayo yakanigeuka, moja baada ya jingine. Nabii alipatia yote. Saluni nzima ililipuka. Hata yeye alionekana kushtuka. Walimnyanyua kutoka benchini na kumkalisha kitini pale pale, wasingoje Jumapili ijayo. Mimi nikatumwa jikoni.

Nilichemsha chai. Nikaigawa. Fundi viatu akanywa, akatulia, akauliza kwa heshima kama kuna majani humu. Nilikuwa nimesahau majani. Nimewahudumia watu wazima maji ya moto yenye sukari.

Nimepewa jina: Daktari wa Maji Moto. Mke wa kinyozi alinivuta katikati ya benchi, akasema msomi huyu kumbe naye ni mtu. Fundi viatu akataka kujua kama maji yale yana takwimu zake. Nilicheka mpaka nikafutia macho taulo la kunyolea. Simu yangu ikalia ndani ya beseni. Mke wa kinyozi akaipokea, akamwambia mdogo wangu kwamba nipo, nacheka, apige baadaye.

Kiooni nilimwona Nabii akiinua shingo. Aliuliza tunacheka nini. Jambo lilikuwa limeshapita.

Nilipopanda juu, giza lilikuwa limeanza kuingia.

Jumatatu, 18 Machi

Tathmini. Kushindwa kabisa. Kigezo cha uzito kina walakini. Nimekirekebisha tangu asubuhi.

Alasiri hodi. Nabii. Alisimama mlangoni akiwa amevua kofia, akakataa kuketi. Alitaka kujua nani atashinda Jumapili ijayo, kwa hesabu zangu, ili yeye amchague mwingine. Nikamuuliza kwa nini mtu atake kukosea makusudi.

“Mwalimu,” akasema, “kile kiti kina baridi.”

Nikamwelewa mara moja. Nikamwazima mto wa buluu. Aliutazama kwa muda, akashukuru, akaondoka nao kwapani.

Kwa hiyo mpinzani wangu amejisalimisha. Jumapili nitapatia, naye atakosea, na kiti kitarudi kwangu.

Limebaki jambo moja ambalo sijalitatua, nami naliandika kwa uaminifu. Jana sikupata lolote nililolikusudia, na bado sikumbuki alasiri iliyokuwa fupi kama ile. Sioni uhusiano. Huenda upo, lakini nimeshindwa mara moja tu, na tukio moja halitoshi kuthibitisha chochote. Ningelazimika kushindwa tena na tena ili kujua, na sina nia hiyo.

Kesho nitanunua mto mwingine. Mnene zaidi.