Sweta ya Mama Mkwe na Kamba Yenye Fundo

Jumatatu, 2 Juni

Daftari langu, nisamehe. Mara ya mwisho nakuandikia, tumbo lilikuwa linanitangulia mlangoni, na sasa aliyekuwemo ana miezi minne na fizi zinamwasha. Miezi minne bila neno! Si dharau. Ni mikono. Kila nikishika kalamu Mheshimiwa analia. (Mheshimiwa ni mwanangu. Anaitwa hivyo kwa sababu anahudumiwa na watu wawili na hajawahi kushukuru.) Hata sasa naandika nimesimama, kalamu mkono wa kulia, yeye mkono wa kushoto. Pasiposomeka ni pake.

Sasa shida yenyewe. Tarehe kumi na sita narudi kazini kwa dobi, kaunta ya kupokelea nguo. Msimamizi kasema nisipotokea siku hiyo kuna binti anaisubiri nafasi, tena anajua kutabasamu. Wa kumwachia Mheshimiwa yuko mmoja tu: mama mkwe. Na mama mkwe kafikia kwa wifi, dada wa mume wangu, na wifi anataka abaki kwake. Wifi ana chumba cha wageni. Mimi nina kochi. Jumapili ya tarehe kumi na tano wote watakula mchana kwangu, na hapo mama atasema anakaa kwa nani hadi mwisho wa mwaka.

Mama mkwe analalamikia kitu kimoja tu duniani: baridi ya mabega. Basi! Nitamfumia sweta. Si ya dukani. Ya kipimo chake mwenyewe. Sijawahi kufuma hata kitambaa cha kufunikia redio, ila hilo ni jambo dogo.

Jumanne, 3 Juni

Nimefukua mzigo alioutuma dada yangu nilipojifungua. Mabonge manane ya uzi wa kijivu na sindano moja ya kroshia, ile yenye ndoana mdomoni. Uzi haujaguswa.

Mwalimu wangu yuko kwenye video za simu. Anasema sweta ya mwanafunzi ni mistatili mitano: mgongo mmoja, mbele mbili, mikono miwili. Unaunganisha, unatia vifungo. Anasema mtu yeyote anayeweza kukunja shuka ataiweza. Mimi shuka nazikunja kwa kuzisukuma kabatini, lakini nimemwelewa.

Mume wangu karudi kutoka kutengeneza mafriji ya watu, akaanza: mama kasema kwamba… Nikamkatiza. Nikamwambia hadi tarehe kumi na tano sitaki kusikia neno mama humu ndani, ana mdomo kama mlango usio na komeo, ataniharibia. Akabaki kauacha wazi. Nikamwonyesha jinsi ya kuufunga.

Jumatano, 4 Juni

Nimepima! Naandika nikicheka.

Futi ya kupimia sina. Anayo wifi, ila ukimwomba wifi futi umemkabidhi na siri. Nikakata kipande cha kamba ya kuanikia nguo, nikakikunja ndani ya kiganja, nikaenda kuwasalimia.

Mama mkwe alikuwa jikoni anachambua mboga. Kabla sijakaa kamchukua Mheshimiwa, kamfunga mgongoni kwa mbeleko, na kuendelea na mboga zake. Wifi akatoka kufungua mlango wa nje. Nikaona ndiyo saa. Nikamrukia mama mkwe nikamkumbatia, kamba ikazunguka, nikashika pale inapokutana. Mheshimiwa akapiga ukelele huko nyuma. Mama mkwe kauliza kulikoni. Nikamwambia, mama, nilikukumbuka tu. Tulikuwa wote Jumatatu. Maskini, kafuta mkono kwenye gauni akanipapasa shavu, kasema mwanangu, unachoka sana wewe. Niliona haya kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

Njiani nikapiga fundo.

Nyumbani nimeinyoosha kamba sakafuni. Ndefu! Kumbe mama mkwe ni mtu mkubwa, umbo lake linadanganya. Ndiyo maana fundi hupima. Jicho lina huruma, kamba haina.

Ijumaa, 6 Juni

Siwezi kukaa. Jana nimefuma nimesimama jikoni, leo nimefuma kwenye foleni ya chanjo, nimefuma nikitembea kutoka mlangoni hadi dirishani na Mheshimiwa begani. Nilianza mgongo na vitanzi tisini. Nilipofika katikati nikauinua niufurahie. Pembetatu! Vitanzi arobaini na kimoja. Arobaini na tisa vimeenda wapi? Nimetafuta hadi chini ya kochi.

Mama mmoja kwenye foleni alinitazama weee, mwisho kaniambia, dada, kila ukigeuza mstari unaruka kitanzi cha mwisho, na kama unafuma bendera basi endelea. Nikamshukuru kwa meno. Nimefumua chote. Mheshimiwa alilala muda wote wa kufumua, akaamka nilipoanza upya.

Jumapili, 8 Juni

Mgongo umekwisha! Vitanzi tisini mwanzo, tisini mwisho, nimehesabu kwa kidole. Mheshimiwa kalala mchana saa tatu mfululizo, sijui nani kamwombea. Mkono ukalegea, uzi ukateleza wenyewe, hata nikaimba. Mgongo umetoka mpana, laini, unaning'inia kama pazia la ukumbi. Kipimo ni kipimo.

Jumanne, 10 Juni

Wifi kapiga simu. Sauti ya asali. Kauliza kama ninakula. Kauliza kama likizo ya uzazi inachosha, maana yeye hajawahi kuipata, anafanya kazi zake za mikono nyumbani. Mwisho kadondosha, kama mtu aliyesahau: anamfumia mama shali. Ya maua. Sitini na manne.

Sitini na manne!

Nimefuma mbele zote mbili leo leo, meno yamekazana, sindano inalia. Vitanzi ni vilevile alivyosema mwalimu, nusu na nusu, lakini zimetoka nyembamba na ngumu. Simama uone, zinasimama zenyewe. Nikarudi kwa mwalimu. Kumbe alishasema, mtu akiwa na hasira mkono hubana, akitulia hulegea, kwa hiyo fuma ukiwa na hali moja ya moyo. Hali moja! Huyo hajawahi kuwa na wifi.

Kufumua? Sifumui. Uzi utajinyoosha wenyewe ukifuliwa.

Jioni mume wangu kaanza tena: unajua, kuhusu mama… Nikamwinulia sindano. Akaenda kuosha vyombo.

Alhamisi, 12 Juni

Uzi umeisha. Mkono mmoja uko tayari, wa pili hauna hata wa kuanzia. Kumwandikia dada hakusaidii, mzigo wake huchukua siku tano. Nimezunguka nyumba nzima kama kuku anayetafuta pa kutagia. Ndipo nikaiona skafu ya mume wangu ukutani. Kijani. Nene. Ina mwanzo na haina mwisho. Nimeifumua saa nane, saa kumi mkono wa pili ulikuwa umefika kiwikoni.

Karudi, kauliza skafu yake iko wapi. Nikamwambia iko salama kuliko hata ilivyokuwa. Hakuridhika. Nikamuuliza kama anataka mtoto wake alelewe na mama yake mzazi au na binti asiyemjua. Kafikiri kidogo, kasema hakuwa anajua kwamba skafu ndiyo inayoamua. Nikambusu paji la uso. Mtu mwema. Lakini usimwachie mtu mwema mipango.

Jumamosi, 14 Juni

Leo kuunganisha. Nimeshona bega la kulia vizuri sana, nikasimama kuonyesha, sweta nzima ikasimama na mimi. Nimeishona pamoja na sketi yangu. Nimekata, nimeshona tena. Vifungo vitano nimevitoa kwenye koti la kazi la mume wangu, ni imara, vimezoea mafriji.

Sweta iko juu ya kochi. Mkono mmoja kijivu, mmoja kijani. Mbele inakaza, nyuma inapumua. Nimeifunika kwa shuka ili nisiione. Kila dakika kumi naifunua.  Kesho mama akisema anakaa kwa wifi, Jumatatu yule binti anatabasamu kwenye kaunta yangu.

Jumapili, 15 Juni

 Nianze wapi!

Walikuja mapema. Wifi hata maji hajanywa, kafungua mfuko, katoa shali. Nitasema kweli, daftari, wewe hutanisaliti: nzuri. Kila ua kama limechumwa asubuhi hii. Mama mkwe kajitanda, kamshukuru, kasema ni ya kwendea harusini. Ikawa zamu yangu, nikampa sweta.

Kaivaa. Mbele ikamkaa sawa. Nyuma ikashuka kama hema lililokatwa kamba. Nafasi ya kuhamia mtu, na sufuria zake.  Wifi kaizunguka taratibu, mikono nyuma, kisha kauliza: "Wifi yangu, hii umemfumia mama au umelifumia kochi?"

Mume wangu kacheka, halafu akaniona, akaacha. Nilitamani sakafu inimeze, ila sakafu yangu ni ya saruji, hata maji haimezi.

Hapo Mheshimiwa akaanza, fizi. Kilio cha kutoa watu nje. Mama mkwe, mtu asiyesubiri kuombwa, kaivua sweta, kamchukua, kamfunga mgongoni. Kakata raundi mbili sebuleni. Kisha kanyoosha mkono: nipe hiyo sweta, mabega yananiuma. Nikampa. Kaivaa juu yao wote wawili.

Ikaingia! Nyuma ikajaa, pindo likakaa mstari, kifungo cha kwanza hadi cha tano vikafunga bila kuvutana, na kichwa cha Mheshimiwa kikachomoza pale kwenye shingo. Akanyamaza. Akavuta pumzi moja ndefu ya mtu aliyepewa haki yake, akalala.

Ndipo nikaikumbuka Jumatano. Jikoni. Mboga. Ule ukelele. Kumbe nilimpima na mwenzake!

Mama mkwe kasimama mbele ya kioo, kajigeuza, kakigusa kifungo cha juu. Kasema kabeba watoto watano mgongoni, na kila mara mbeleko humfunika mtoto, mabega ya mama yanabaki nje. Miaka yote hiyo baridi inampiga palepale, na hakuna aliyewahi kuwaza hilo. Macho yake yalikuwa na maji. Kaniuliza nani kanifundisha kupima hivi.

Nikasema nilipima mwenyewe, mama. Sikusema uongo hata neno moja.

Wifi kataka kuichukua akapunguze nyuma kidogo tu. Mama mkwe kamwambia, mwanangu, mtoto wako ana miaka mitatu na anakimbia kuliko mbwa, wa kujaza hii sweta yuko hapa, na mimi nakaa hapa. Kochi linanitosha. Tukala. Sikumbuki tulikula nini.

Mama mkwe na Mheshimiwa walipotoka kumsindikiza wifi, mume wangu kabaki nyuma kunieleza. Eti mama alishamwambia tangu Jumanne ya kwanza kwamba atakaa kwetu, maana mwenye kichanga ndiye mwenye shida. Eti ndicho alichokuwa anajaribu kusema siku zote. Eti begi la mama liko nyuma ya mlango tangu walipoingia.

Nikatazama nyuma ya mlango. Lipo begi.

Nikamtazama na yeye, kwa muda. Wanaume! Mke akishinda, wao huja na tarehe.

Jumatatu, 16 Juni

Kazini! Naandika chini ya kaunta, kati ya mteja na mteja. Asubuhi nimewaacha mlangoni, vichwa viwili sweta moja, wananipungia. Nimelia kidogo hadi kona, kisha nikajikaza, pasi hazipigwi kwa machozi.

Nimemweleza kila mteja kuhusu sweta yangu ya kulelea. Nimesema niliibuni kwa makusudi, na kwamba kijani ni mtindo. Wawili wameuliza kama nachukua oda.

Ila wazo kubwa ni hili. Nataka kuruhusiwa kutoka saa tisa, niwahi kunyonyesha. Msimamizi hasikii maneno, lakini nimemsikia akikohoa, na ofisi yake iko jirani na friji. Sweta! Ya kipimo chake mwenyewe, na asijue. Kumpima nimeshampima, kupitia kioo cha ofisi yake, amekaa. Chini ya meza sijamwona, ila sweta haifiki huko. Alikuwa amevaa makoti mawili, nayo nimeyahesabu, ili asibanwe.

Nimemwandikia dada, nanakili hapa nisisahau. Dada yangu, shikamoo, nisamehe kwa kimya. Sisi wazima. Naomba unitumie wiki hii: mabonge kumi na mawili ya uzi wa bluu iliyokolea. Mengine mawili ya kijani, kama yapo. Sindano moja ya kroshia, hii ya kwanza Mheshimiwa kaifanya ya kutafunia. Vifungo kumi na vitano, sita vya msimamizi, vitano vya koti la kazi la shemeji yako, anafungia pini, vinne vya akiba. Skafu moja ya kiume, kijani, isionekane mpya sana. Futi ya kupimia usihangaike nayo. Kamba ninayo.