Kamanda Aliyezikwa Kabla ya Kukoroga Uji

Kwa miaka miwili niliamini kwamba akili ya mtu aliyesoma shule ya usiku hufanya kazi jua likishazama tu. Kinyozi mmoja wa Marungu ndiye aliyeniambia, wembe ukiwa shingoni mwangu, na mtu mwenye wembe mimi simbishii. Leo saa tisa mchana, hapa Voi, imani hiyo imeniaibisha mbele ya umati.

Mnajua nimekuwa nikiitamani ile nafasi ya kumsaidia Mwalimu Wakesho kufundisha fasihi kwenye darasa la watu wazima. (Mimi, niliyeanza kidato cha kwanza nikiwa na ndevu!) Mwalimu akaniambia, "Mwadime, chagua kitabu kigumu, uje uwaeleze wenzako Jumamosi. Wakikuelewa, nafasi ni yako."

Nikachukua kigumu kuliko vyote kabatini. Riwaya ya sayansi ya kubuni, ya Kiingereza, nene kama tofali. Jalada hakuna. Kimeshonwa kwa uzi wa katani. Namba za kurasa zote zimeliwa na mchwa. (Mchwa wa Voi wamesoma kuliko mimi.)

Jamani, kile kitabu! Majeshi mawili ya wanawake yanapigania mwezi. Meli zao za angani zinapumua, na zikipata baridi zinakohoa. Kamanda Zeru anakufa ukurasa wa kwanza. Wa tano anazikwa. Wa kumi anakoroga uji! Mbele kidogo anamsuka nywele adui yake, halafu ndipo vita vinapoanza, na mwishoni kabisa Zeru anazaliwa. Nilikisoma mara tatu. Mara ya nne nikajifunika shuka adhuhuri, na tochi ya simu, ili akili idhani ni usiku. Mke wangu akafunua shuka.

"Baba Mkamburi, unaumwa?"

"Nasoma."

Akanifunika tena polepole, kama maiti.

Hatimaye nikapata jibu: mwandishi ameuvunja wakati! Vita vimewavuruga wale wanawake hadi kifo kinatangulia uji. Nikajipongeza kwa soda.

Leo darasa lilijaa watu elfu tatu. (Ishirini na wawili, ukihesabu waliokuja kuchaji simu.) Mbele kabisa aliketi Mama Mghoi, fundi cherehani wa karibu na stendi, mwanafunzi mpya ambaye ndio kwanza anajifunza kusoma. Jambo la kwanza, nikaomba mapazia yafungwe.

"Ya nini?" Mwalimu akauliza.

"Akili, Mwalimu."

Nikaanza. Nikapaa! Nikasema kamanda anapokoroga uji baada ya mazishi yake, maana yake ni kwamba mwanamke hata akifa vitani, jikoni bado wanamngoja. Akina mama wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Mwalimu Wakesho anaandika tu, anatikisa kichwa kukubali. Nafasi naiona, naigusa.

"Na huu mpangilio," nikamalizia, kitabu nimekiinua juu, "ni kazi ya kichwa cha ajabu, hakijapata kutokea duniani!"

Mama Mghoi akainua mkono. "Asante, mwanangu."

"Asante ya nini, Mama?"

"Ya kunisifu. Mpangilio ni wangu."

Nikacheka. Peke yangu.

"Hicho kitabu nililetewa nikishone," akasema. "Kilikuwa kimeachana chote. Upepo ukaingia dukani, karatasi zikatapakaa hadi kwa muuza mchicha. Nikazishona vile nilivyoziokota. Kizungu sijui, namba mchwa wamekula, ningefanyaje?"

Mara sauti kutoka nyuma: "Basi Zeru hakufufuka! Ameokotwa tu!"

Darasa likaanguka kicheko. Mwalimu Wakesho alivua miwani akafuta machozi, na sikuona dalili kwamba ni ya huzuni.

"Mwadime," akasema alipopata pumzi, "ile nafasi tutaiongelea ukishakisoma kitabu chenyewe."

Nikajitetea. Nikasema ningekisoma usiku ningegundua, ila usiku nafanya kazi ya ulinzi, na mchana akili zetu sisi wa shule ya usiku huwa zimelala, hata wataalamu wanasema. (Kinyozi.)

Mama Mghoi akainuka, akafungua pazia, jua lote la Voi likanipiga usoni.

"Usiku au mchana ni hivyo hivyo, mwanangu," akasema. "Akili yako ni nzima. Kitabu ndicho nilichokishona vibaya."