Kihara Amewaacha

Juni 3, Jumatatu
Nimetoka! Umoja wa majirani wa ploti yetu hapa Section 58, Nakuru, hauna Kihara tena. Hoja zangu ni chuma. Waingereza walitoka kwenye umoja wao, na chai yetu bado wanakunywa. Mimi nina maziwa, majirani wana vikombe. Kwa nini Mama Salmin, mwenyekiti, aniamulie rangi ya geti? Tuuziane tu, kila mtu kwake. Wachuka, mke wangu, yuko Njoro kwa mamake. Alisema siku nikikosana na majirani, yeye hakai hapa. Vitisho! Nikaandika kwa group ya majirani kwenye simu: "Kihara amewaacha. Hana shida na mtu tena. Asanteni." Nikajitoa, nikazima simu, nikafunga mlango. Wacha wanibembeleze.

Juni 4, Jumanne
Wamebisha mchana kutwa. Mimi kimya, chini ya meza. Mama Salmin amelia mlangoni. Raha iliyoje!
Jioni nikafungua dirisha ninalouzia maziwa. Ukungu mzito. Cate, jirani, alikuwa anapita na jagi. Akaniona, akaliangusha, akatoroka. Nikamsalimia Kiplangat, soja wa geti. Akafumba macho, akaanza kuomba. Soko limeshtuka.

Juni 5, Jumatano
Viti vimepangwa nje. Wanaimba polepole, na jina langu limo. Mzee Mburu, aliyeninyima salamu tangu Krismasi, amesema nilikuwa mtu wa watu. Nilikuwa? Nikatoka nikapinga. Wote wakaangalia chini. Nywele zikanisimama. Nikajifinya, nikaumia. Lakini labda hata maiti huumia. Nani amerudi kusema?

Juni 6, Alhamisi
Wachuka amefika, macho mekundu. Akanigusa shavu, akaita majirani waje waniguse. Wakacheka hadi wakakaa chini. Yeye hakucheka. Amesema alilia njia nzima, halafu karibu na Nakuru akajisikia mwepesi, na hilo limemtisha. Ama niombe msamaha nirudi kwa umoja leo, ama anaenda. Nikamweleza kosa ni la Kiswahili, lile neno "amewaacha", si la siasa. Nikampa mkataba safi: hata sisi wawili tuachane na muungano, tubaki na biashara huria. Yeye apike, mimi nilete maziwa. Akanitazama sana. Akasema sawa.
Amepakua sahani moja. Nikataja bei ya maziwa, hakugeuka. Nikamwita kwa jina. Akapita karibu nami bila kunitazama, akachukua mkoba, akazima taa nikiwa bado mezani, akafunga mlango kwa nje.
Mbinu za soko hizo! Kesho atapandisha bei.