Vyungu Vilivyotoboka

Jumatatu, 3 Machi

Mama mkwe kasafiri leo kwenda kwa dada yake. Wiki mbili. Kabla ya kuondoka kafunga chumba cha mbele, ufunguo kaufunga kwenye pindo la nguo. Chumba hicho ndicho roho yangu. Kinatazama barabara, dirisha pana, sakafu haina ufa. Mimi fundi viatu, miaka tisa nashona soli ukumbini huku watoto wakiniruka kama kizingiti. Nikikipata, na mimi nitakuwa mtu.

Tatizo ni mwanyumba wangu, mume wa dada ya mke wangu. Hutengeneza fremu za picha, naye anakitaka. Tunamwita Bwana Rula, maana hakusalimii kabla ya kukupima kwa macho.

Mama mkwe kasema hataki hoja za mtu. Ana madungusi kakati sita, ile mimea ya miiba isiyo na majani, kila moja kwenye chungu chake. Matatu kaniachia mimi, matatu Bwana Rula. Asiyeweza kutunza kitu kisicholia wala kudai chakula, kasema, asiguse chumba chake.

Kazi ya mtoto mdogo hii! Nimeshapanga pa kuweka kabati la viatu.

Jumanne, 4 Machi

Nimegundua jambo. Vyungu vyote vitatu vimetoboka chini! Maji yakiingia, yanatoka. Maskini mama mkwe, miaka yote anatumia vyungu vibovu na hakuna mkwe aliyemsaidia. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nimeziba matundu kwa raba ya soli na gundi, nikapiga msasa pembeni. Sasa havivuji hata tone.

Nimeyanywesha asubuhi, mchana na jioni. Mke wangu kasema mama yake huyapa maji mara mojamoja tu, udongo ukishakauka kabisa. Nikamjibu kwamba ndiyo maana yana mikunjo. Mgonjwa haulizwi uji.

Jumamosi, 8 Machi

Lile refu limeinama. Chini, usawa wa udongo, limekuwa la kahawia na linabonyea kama ndizi iliyosahauliwa kabatini. Harufu pia ipo. Mke wangu kapita, kanusa, kasema la kuvunda halina ubani. Nikamwambia kiatu hakitupwi kwa sababu ya kisigino. Nimelizungushia ngozi laini, nikashona kwa uzi wa nta. Kiraka kizuri kuliko dungusi lenyewe. Nimechomoa miiba kumi na minne vidoleni.

Nakiri, leo nimeogopa kidogo. Nimepita mbele ya chumba kile mara mbili bila sababu.

Jumapili, 9 Machi

Nimekwenda kwa muuza miche wa njia panda, mama mmoja asiye na haraka. Kasema ni maji. Maji mengi huozesha mizizi, kisha uozo hupanda. Nikate juu ya palipooza mpaka nione nyama safi. Kipande kikae kivulini siku kadhaa, jeraha likauke, ndipo nikisimike kwenye mchanga wenye changarawe. Akaanza kueleza habari ya chungu, lakini nilikuwa nimeshaaga. Akili yangu ilibaki kwenye neno moja. Kumbe maji ni sumu! Na Bwana Rula ana madungusi matatu mazima.

Jumatatu, 10 Machi

Nimemtembelea mwanyumba. Undugu ni kufaana. Madungusi yake yamepangwa dirishani kwa rula, chini ya kila chungu kuna bakuli ili asilowanishe mbao. Huyapa kijiko kimoja cha maji kwa wiki, kasema. Nikamsifu. Alipoingia ndani kuniletea kiti, nikamimina jagi zima. Mabakuli yakajaa pomoni. Kesho nitarudi kumjulia hali, na keshokutwa.

Alhamisi, 13 Machi

Bwana Rula kaja kwangu leo, mara ya tatu wiki hii. Daima ana chupa kubwa ya maji. Kasema kifua kinambana na daktari kamwambia anywe kila mara. Kila akija anaomba kiti, nami naingia ndani kukileta. Mtu wa heshima kumbe. Nilimdhania vibaya.

Ajabu ni kwamba tangu Jumapili sijatia maji, lakini udongo bado ni tope. Lile la mviringo limebonyea kama mpira wenye pancha. Mke wangu kachukua kisu cha jikoni, kakata ncha ya lile refu na kuiweka juu ya kabati ikauke. Nikamuuliza kama huo ndio uuguzi, kumkata mgonjwa kichwa. Akaenda kuosha kisu.

Jumamosi, 15 Machi

Yote matatu yamekwenda. Keshokutwa mama mkwe anarudi. Chumba changu! Kabati langu la viatu!

Mchana nimepata akili. Nilikuwa na ngozi ya kijani iliyobaki kwenye viatu vya bibi harusi mmoja. Nimekata, nimeshona, nimejaza sponji, nikachomeka nywele za brashi ziwe miiba. Madungusi matatu, saizi ileile. Haya hayaozi ng'o.

Jumatatu, 17 Machi

Mama mkwe kayatazama madungusi yangu kwa muda mrefu. Kasema yamependeza. Kisha kauliza ni ya mguu wa kulia au wa kushoto.

Bwana Rula naye kaleta yake. Picha! Madungusi matatu yaliyopigwa picha siku ya kwanza, ndani ya fremu ya dhahabu yenye kioo. Yenyewe kayaacha nyumbani, kasema, yamepumzika.

Hapo mke wangu na dada yake wakasema yote. Dada mtu alikuwa akiliona jagi langu kutoka mlangoni kwake, na mke wangu akiiona chupa ya Bwana Rula kutoka jikoni kwetu. Tukatazamana, mimi na mwanyumba. Kwa mara ya kwanza hakunipima.

Mke wangu akaleta kile kipande alichokikata. Jeraha limekauka, kimesimama kwenye mchanga, kibichi na kigumu. Mama mkwe akafungua pindo la nguo, akampa ufunguo. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Halafu nikakumbuka kwamba nimemwoa.

Jumatano, 19 Machi

Nimo chumbani! Mke wangu kanipa kona nzima kwa masharti mawili. Nisilitie dungusi maji, nisiliguse. Kanieleza polepole, kama mwalimu wa chekechea, kwamba tundu la chungu ndilo linalotoa maji ya ziada, na kwamba raba yangu na gundi yangu ndizo zilizoua. Nimekubali kila neno. Nimeapa.

Lakini dungusi liko dirishani, na wateja wanapita. Leo mmoja kasimama, kaangalia mchanga unaochuruzika chini ya chungu, kisha kakiangalia kibao changu kinachosema hakuna tundu linalonishinda. Kacheka, kaenda zake. Na mtu ana jina la kulinda.

Sijatia maji hata tone. Dungusi sijaligusa. Nimeinua chungu tu. Gundi itakuwa imekauka kabla mke wangu hajarudi kutoka sokoni.