Kuhusu Mkaguzi Anayechelewesha Mashine za Moyo

Ndugu Fundi Mkuu wa Kompyuta,

Pole na kazi, ingawa kazi yako ndiyo iliyonishikisha kalamu. Mimi msimamizi wa wodi nakuomba, kwa heshima zote, uiondoe ile programu unayoiita mkaguzi wa kumbukumbu, uliyoipachika ndani kabisa ya mfumo unaoendesha mashine za mapigo ya moyo. Sababu zangu:

1. Anachelewesha. Mashine ikitaka kuandika pigo moja tu, mkaguzi wako lazima ajue linaandikwa wapi, nafasi hiyo ni ya nani, na mwenyewe keshahama au bado. Hata mama mkwe haulizi hivyo! Nusu ya kumbukumbu ya mashine anaila yeye. Manesi wanabonyeza, wanangoja, wanabonyeza tena.

2. Analeta makosa. Kabla yake hatukuwa na kosa hata moja. Mashine zilikuwa zinazimika zenyewe, tunazipiga kofi, zinawaka, tunaendelea. Sasa kila asubuhi tunaambiwa mapigo ya huyu yameandikwa kwenye nafasi ya yule. Nani alimtuma atafute?

3. Eti utampunguzia mzigo, awe anakagua sehemu chache kwa kubahatisha badala ya zote. Acha masihara, bwana. Njia bora ninayo mimi: akague sehemu zilizo nzima tu. Zilizo nzima hazina maelezo marefu, atamaliza upesi.

4. Hilo likimshinda, akague mashine zikiwa zimezimwa. Hatamchelewesha mtu, na nakuhakikishia hataona kosa lolote.

Mkurugenzi anakuja Ijumaa kupima kasi yetu, na mimi sitaki kuaibika kwa sababu ya programu yenye umbea. Wagonjwa wenyewe hawajalalamika. Yupo mmoja aliyekuwa na haki ya kulalamika, lakini huyo hatunaye tena.

Nisalimie vijana wako wote, shemeji na watoto, na yule bwana wa stoo.

Wako katika kuharakisha huduma,
Msimamizi wa Wodi

N.B. Nilikuwa nimeshafunga bahasha nilipoitwa. Mama yangu mzazi ameletwa sasa hivi, kalazwa kitanda cha dirishani. Ndugu yangu, nakusihi, mashine yake usiiguse. Mkaguzi abaki humo, akague kila kitu, asibahatishe hata kidogo. Achelewe anavyotaka. Nimevuta kiti, nitangoja.