Mabibi Watano na Mwavuli Wangu

Jumatatu, 5 Juni 1972
Tap! Bado nausikia: muhuri wa Bi Thirkettle, mhariri wetu wa kamusi, ukiigonga kadi ya neno la Crispin kulikubali. Nomino “birika” sasa ni kitenzi pia, na sifa ni zake! Mimi na yeye tuko kazini kwa majaribio. Kiti cha kudumu ni kimoja.

Kiingereza kina raha yake, nomino hugeuka kitenzi bila kubadilika: neno lilelile la mkono huwa pia kukabidhi, la maji kumwagilia, la nyundo kugongelea. Langu ni mwavuli. Nataka watu “wamwavulie” mtu, yaani wamkinge. Ila kamusi hudai nukuu tano zilizochapishwa, za watu watano wasiojuana. Nina sifuri. Crispin aliuliza kama mwavuli wangu umetoboka. Mjinga!

Jumatano, 7 Juni
Nimepata! Jarida la kanisa letu huchapisha barua yoyote. Nimeandika tano, kwa majina matano ya kubuni. Bibi Pobjoy anamshukuru kasisi kwa kumwavulia mazishini. Bibi Larkham amewaavulia kuku wake. Nilicheka hadi mwenye nyumba akagonga ukuta.

Jumapili, 11 Juni
Zote zimetoka! Nimerukaruka katikati ya makaburi. Kadi za nukuu nimeshazijaza.

Jumapili, 18 Juni
Balaa. Kanisani kwetu, jina lako likijulikana tu, unapangiwa zamu ya kupamba maua. Mabibi wangu wote watano wamebandikwa kwenye orodha mlangoni, zamu moja! Bibi Gosling, msimamizi wa maua, aliyeniona nikizipeleka barua zao, aliniuliza wako wapi. Nikasema wanne wana mafua. Na wa tano? Nikasema ndiye aliyewaambukiza.

Jumatatu, 19 Juni
Kumbe Bi Thirkettle huimba kwaya palepale! Alizipanga kadi zangu mezani, akasema, Hester mwanangu, watu wa zamu moja ya maua wanajuana. Hizi tano ni moja. Kisha akauliza, kwa upole wa kutisha, wagonjwa wanaendeleaje.

Kiti ni cha Crispin. Ameniletea chai, akasema pole dada. Pole yenye sukari mbili! Afadhali angenicheka.

Jumatano, 21 Juni
Nimelia dakika kumi, nimejichunguza saa mbili. Kosa nimeliona: niliwaweka wote parokia moja. Hilo tu!

Kuna kamusi Edinburgh inatafuta msaidizi mwaminifu, mwenye barua tatu za sifa. Nimezitia posta asubuhi: ya profesa wa Cardiff, ya daktari wa Leeds, na ya askofu. Askofu ndiye aliyenisifu zaidi.